Shavu la Kulia la Mzee Njura

Brashi ilikuwa imelowa. Gitari aliitundika msumarini jioni ikiwa kavu kabisa, akafunga mlango kwa kufuli, na asubuhi alipofungua duka lake la kinyozi pale Makutano, Meru, aliikuta ikidondosha maji ya uvuguvugu sakafuni. Alitukana kwa sauti. Alijua ni ndugu yake Ireri tu, ameingia kumchokoza, maana tangu baba yao afe kila kibaya kilichotokea duniani kilikuwa kazi ya Ireri, hata mvua ikichelewa.

Baba yao, Mzee Njura, alikuwa mtu wa Embu. Alihamia Meru miaka michache baada ya uhuru akiwa na bakuli la bati, kipande cha sabuni na wembe wa kukunja, na watu walitoka hata Majengo kufuata povu lake. Hakuwa na haraka. Aliloweka brashi katika maji moto, akaikamua, akaizungusha juu ya sabuni pole pole huku akiongeza maji tone kwa tone, mpaka povu likawa zito kama maziwa lala, likakaa shavuni bila kuteleza. Ukiipiga sabuni kwa hasira, alisema, utapata mapovu ya kufulia nguo, yanapasuka kabla wembe haujafika. Aliwaambia wanawe hivyo tangu wakiwa wadogo, na wapumbavu wale hawakushika hata neno moja.

Ombi lake lilikuwa moja: asizikwe na ndevu. Siku ya kumpeleka Embu kuzikwa, Gitari alimpaka povu na Ireri akamnyoa. Shavu la kushoto lilipokwisha, Ireri alisema yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo bakuli na brashi ni vyake. Gitari akasema ng'o. Wakashikana mashati juu ya maiti ya baba yao mzazi! Waombolezaji walikuwa pale wakiwatazama, na bado sijui kwa nini hakuna aliyewachapa bakora. Gari lilipopiga honi, Gitari alitoroka na bakuli na brashi, Ireri akaondoka na wembe, na mzee akafungiwa sandukuni huku povu likimkaukia shavu la kulia.

Sasa, asubuhi hiyo ya brashi iliyolowa, mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mmoja mwenye ndevu ngumu. Gitari alimpaka povu pande zote mbili. Upande wa kushoto lilikaa. Upande wa kulia lilizama ndani ya ngozi, likapotea.

"Kwani unanipaka nini huku?" mwalimu aliuliza. "Nasikia baridi."

Gitari alipaka tena, likapotea tena. Akakasirika, akanyoa hivyo hivyo shavu likiwa kavu, akamkata. Mteja wa pili alikatwa pale pale, na wa tatu. Alipotazama ndani ya bakuli, aliona nywele fupi nyeupe zikielea juu ya povu, ingawa siku hiyo hakuwa amenyoa mzee yeyote. Na povu lenyewe lilinuka ugoro.

Gitari na mkewe Muthoni waliishi chumba cha nyuma, wakitenganishwa na duka kwa ukuta wa mbao. Muthoni alikuwa na mimba ya kwanza, siku zake zimekaribia. Saa sita mchana, Gitari akiwa ameketi naye wakila, walisikia brashi ikizunguka ndani ya bakuli upande wa pili, shwa, shwa, shwa, pole pole, kwa mwendo ambao wote wawili waliujua, kisha ikanyamaza, kisha kiti cha kunyolea kikalia kama kinavyolia mtu mzito anapokikalia, na hapo pakasikika pumzi, ndefu, ya mtu anayengoja na ambaye amechoka kungoja, na harufu ya ugoro ikapenya kwenye nyufa za mbao mpaka chakula kikawashinda.

"Jirani wa Majengo amesema ni jini," Gitari alinong'ona.

"Jini gani!" Muthoni naye alinong'ona, lakini kwa ukali. "Jini hanuki ugoro wa baba yako. Mlimwacha nusu, sasa amekuja. Na mimi nazaa hapa, Gitari. Hapa, na hicho kitu kikiwa hapo."

Pasta alikuja, akaomba, akaenda, na shwa, shwa ikaendelea. Ndipo Muthoni alipotuma watu Kiambere wamlete Rwamba, bibi mganga mzee wa Mbeere, na yeye mwenyewe, na tumbo lake lile, akaenda kwa Ireri akamvuta kwa shati mpaka Makutano, wembe ukiwa mfukoni.

Rwamba alinusa bakuli, akalirudisha mezani.

"Huyu mtoto akizaliwa kijana mtamwita nani?" aliuliza.

"Njura, shosho," Gitari alijibu. "Mtoto wa kwanza anachukua jina la babu yake. Si ndiyo desturi?"

"Ndiyo. Jina huja na mwenyewe. Sasa mwenyewe amekaa kwa kiti hapo, amekasirika, ndevu nusu. Akiingia kwa mtoto namna hiyo, mtamlea? Mnyoeni. Wewe povu, wewe wembe. Mmalize kabla mtoto hajalia. Na mkianza ugomvi mimi naenda, sitarudi."

Kutoka chumba cha nyuma Muthoni alitoa sauti ya uchungu. Mkunga alikuwa ameshafika.

Gitari alianza kuipiga sabuni kwa haraka, akapata mapovu makubwa yaliyopasuka moja baada ya jingine. Rwamba akampiga kofi mkononi. "Fanya kama baba yako!" Basi akatupa mapovu yale. Akaloweka brashi upya, akaikamua, akazungusha pole pole, tone, tena tone, na kwa mara ya kwanza maishani mwake povu la Mzee Njura likatokea mikononi mwake, zito, jeupe. Machozi yalimtoka. Alimpenda baba yake, yule, pamoja na ujinga wake wote.

Akainua brashi, akapaka hewa iliyokuwa juu ya kiti kitupu, na povu likashika, halikuanguka, likachora taratibu mfupa wa shavu, kisha taya, kisha ukingo wa sikio, na Ireri akaweka wembe juu yake akavuta, na chumba kizima kikasikia ndevu ngumu zikikatika, kra, kra, na nywele nyeupe zikaanguka juu ya kiti mstari kwa mstari, huku nyuma ya mbao Muthoni akilia na mkunga akimwambia sukuma, sukuma mama, mpaka ikabaki sehemu ndogo tu chini ya taya, upana wa kidole gumba.

Ireri akasimamisha wembe.

"Nikimaliza hapa," alisema kwa sauti ya chini, "brashi inaenda na mimi. Umesikia?"

"Maliza, wewe!" Rwamba alisema.

"Aseme kwanza."

Upana wa kidole gumba! Mtu mzima, mwenye akili zake. Na Gitari naye, badala ya kusema chukua, chukua hata nyumba, alimshika mkono wa wembe. "Hata ukiniua," alisema.

Povu likaanguka lote sakafuni kwa mkupuo. Kiti kikalia, kama mtu ameinuka. Mbao za ukuta zikatikisika mara moja, kuelekea chumba cha Muthoni.

Mtoto akalia.

Rwamba alijifunga kanga yake kiunoni, akatoka bila kuaga mtu. Ndugu wale wawili walibaki wameshikana mikono, wakitazama mlango wa nyuma.

Mkunga aliwaita kwa furaha. Ni kijana, mzima, mashavu laini kabisa. Gitari aliyakagua kwa kidole, la kushoto, la kulia, akapumua. Akacheka hata. Akampokea mwanawe mikononi, akamsogeza usoni pake kumwita kwa jina lake.

Mtoto alinyamaza. Alifumbua macho, akamtazama baba yake kwa hasira ya mtu mzima, kisha taratibu akainua kidevu, akageuza shavu la kulia, akangoja.