Mlango Uliooshwa Kila Mwaka

Kila asubuhi Mama Povu aliweka ndoo zake chini ya bomba la nje, akaanza kufua nguo za watu. Aliujua mtaa mzima kwa mashati yao. Alijua nani ameanza kunenepa, nani ameachwa, nani amepata kazi ya ofisini. Wenyewe hawakumjua. Walileta marobota, wakachukua marobota. "Zimekauka?" Hilo ndilo neno aliloambiwa mara nyingi kuliko jingine.

Mumewe alikwisha kufariki. Binti yake wa pekee alifanya kazi za ndani mji mwingine, na alikuwa na mtoto mchanga. Siku binti alipokuja kumwonyesha mama yake mjukuu, mwenye nyumba alikuja akasimama mlangoni.

"Chumba changu ni cha mtu mmoja," alisema. "Wakilala hapa, kodi inapanda."

"Ni mwanangu," alisema Mama Povu.

"Sijasema si mwanao. Nimesema kodi inapanda."

Binti alirudi na basi la jioni ileile. Alisahau kiblanketi cha mtoto. Mama Povu alikifua, akakikunja, akakiweka chini ya mto wake. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani: chumba chake mwenyewe, ambacho hakuna mtu atakayesimama mlangoni kumhesabia wageni.

Kiwanja kidogo alikuwa nacho. Msingi alikuwa amejenga. Vyote vilitokana na kikundi chao cha akiba. Kuta na paa ndivyo vilivyomshinda.

Kikundi hicho kilikutana kila Jumamosi katika karakana ya Seremala, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Hawakuwa na daftari. Walikuwa na mlango. Mteja mmoja aliuagiza zamani, akaulipia wote. Kabla hajauchukua, nyumba yake ikavunjwa na wakubwa. Wakubwa hao waliuahidi mtaa nyumba bora. Walikuja wakapiga picha. Wakaja tena wakapaka mawe rangi nyekundu. Wakaja mara ya tatu wakati wa kura. Nyumba hazijaonekana, na wenye mtaa hawajasahau. Mteja hakurudi tena, na mlango ukabaki umeegemea ukuta.

Kila mwanachama alikuwa na alama yake juu ya mlango ule. Alama ya Mama Povu ilikuwa ndoo. Akiweka fedha sandukuni, Seremala anachora mstari wa chaki kando ya ndoo. Mwisho wa mwaka waligawana fedha zote. Kisha Mama Povu alikunja mikono, akauosha mlango kwa maji na sabuni mpaka ukang'aa. Wenzake walipiga makofi. "Tusidaiane ya zamani," walisema. Kati ya vyote alivyofua, ni kwa mlango huo tu alishukuriwa. Aliuosha kwa miaka kumi na mmoja.

Siku moja alivaa gauni lake zuri, akaenda kwenye ofisi inayokopesha watu fedha za kujengea. Karani alikuwa kijana mpole.

"Mama, una kitu cha kuonyesha kwamba unaweka akiba?"

"Ninao mlango."

"Wa nyumba?"

"Wa akiba. Uko kwa Seremala. Kila nikiweka, tunachora."

Karani hakucheka. "Basi upigwe picha. Tuone miaka iliyopita."

Mama Povu alitazama mikono yake. Miaka iliyopita alikuwa ameiosha mwenyewe.

"Mimi nakuamini, mama," alisema karani. "Lakini kuamini kwangu fomu haina nafasi yake."

Alirudi kwa miguu. Njiani hakuna aliyemuuliza ametoka wapi. Alipofika bombani alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na gauni lake zuri likalowa.

Jirani yake, fundi wa simu, alikuwa akifunga kibanda chake. Watu walimwita Bi Chaji. Alimwona, akaacha kufuli likining'inia.

"Mama, umekalia ndoo yako ya kazi. Kuna nini?"

Mama Povu akamweleza yote. Bi Chaji alisikiliza, na uso wake ukabadilika.

"Unajua kinachonikera?" alisema. "Mwenye mali hafuti kitu. Risiti ya msumari alionunua babu yake anayo. Akienda kukopa, anaweka karatasi mezani, anapewa. Sisi tunajinyima, tunaweka akiba, halafu tunaosha ushahidi wetu kwa sabuni yetu wenyewe. Na makofi juu."

"Sabuni yangu," alisema Mama Povu.

"Yako, ndiyo. Jumamosi nitakuja kikundini. Simu zenu hizohizo za vitufe zinatosha kutunza kumbukumbu."

Jumamosi Bi Chaji alikuja. Seremala alikunja uso.

"Mimi na simu hatupikiki chungu kimoja," alisema. "Fedha nisiyoishika itapotea."

"Ya sandukuni haijawahi kupotea?" aliuliza Bi Chaji.

Seremala akakohoa. Kila mtu aliukumbuka mwaka ule sanduku lilipoibwa.

Bi Chaji akaeleza polepole. Kikundi kinafungua akaunti ya simu kwa jina lake. Kila mmoja anatuma akiba yake kutoka kwenye laini yake. Hapohapo wanachama wote wanapata ujumbe: fulani ameweka kiasi fulani. Kutoa fedha ni lazima watu watatu wakubali, kila mmoja kwa namba yake ya siri. Mwisho wa mwaka watagawana kama kawaida, lakini kumbukumbu haifutiki. Mwenye kutaka mkopo wa nyumba ataomba taarifa yake mwenyewe, aipeleke ofisini.

"Laini yangu imeandikishwa kwa jina la shemeji," alisema muuza mkaa.

"Basi akiba yako itaonekana ni ya shemeji. Kaiandikishe upya kwa jina lako. Na namba ya siri usimpe mtu, hata mimi."

"Yangu nimeshaiweka," alisema Mama Povu kwa fahari. "Ni mwaka aliozaliwa binti yangu."

Watu wote wakamtazama.

"Mama," alisema Bi Chaji, "sasa sote tunaijua, hata mbao za humu zinaijua. Badilisha."

Walicheka, naye akacheka. Kisha akainamisha kichwa.

"Nina neno," alisema. "Tukituma kwa simu, kila mtu atabaki kwake. Mimi Jumamosi ndiyo siku ninayoitwa jina. Siku nyingine naulizwa kama nguo zimekauka."

Seremala alishika kipande cha chaki, akakigeuzageuza.

"Tutakutana," alisema hatimaye. "Tutasoma ujumbe kwa sauti, mmoja mmoja, kwa jina. Na mimi nitachora, simu ipende isipende."

Wakafanya hivyo. Mwaka ukapita. Mama Povu aliweka kidogo, lakini hakuruka wiki. Alipoenda tena ofisini, karani aliisoma taarifa yake, akaitia mhuri. Bi Chaji alikuwa amemwonya aulize kwanza: riba ni kiasi gani, ada zipi, na akichelewa itakuwaje. Aliuliza yote. Akachukua mkopo wa kuta tu. Alipoumaliza, ndipo akachukua wa paa.

Chumba kiliposimama, kilikosa mlango. Seremala aliuleta kwa mkokoteni.

"Nao ulikosa nyumba miaka yote hii, kama wewe," alisema. "Nimewapima nyote wawili, mnalingana."

Mistari ya chaki ya mwaka wa mwisho ilikuwa bado juu yake, na ndoo ilikuwa pale. Alikuwa mfuaji wa mtaa mzima, lakini hakuugusa kwa maji. Alitaka upachikwe chaki ikiwa upande wa ndani. Akampigia binti yake, kisha akakaa akisubiri. Chumba kilikuwa kipya na kimya, na kiblanketi kilikuwa kimekunjwa juu ya kitanda.

Siku ya tatu, mchana, mlango uligongwa.

"Hodi. Mwenye nyumba yupo?" Ilikuwa sauti ya binti yake, na nyuma yake kitoto kikilia.

Mama Povu aliushika mlango kwa mikono miwili. Hakuwahi kuulizwa hivyo.

"Yupo," alisema, akafungua. "Ingieni. Hapa hahesabiwi mtu."