Gumba Jekundu la Bibi

"Dada, vuta polepole! Hizo karatasi zina umri wa bibi yangu."

"Basi ziachie, kaka, zije zipumzike kwangu."

Bunda moja la karatasi, mikono minne, katikati ya zogo la soko la vikuukuu la mji wa Taiyuan, China, Jumapili asubuhi. Upande mmoja Suyun, koti lake jekundu limejaa vumbi la watu. Upande wa pili kijana mrefu, aproni imekakamaa kwa gundi. Aliitwa Baochang, fundi wa kukarabati karatasi chakavu. Alimtazama Suyun, akacheka, akaachia.

"Chukua. Lakini zimeoza. Utanihitaji tu."

Alimhitaji kweli. Suyun alikuwa akitafiti mapinduzi ya wakulima, mwaka 1947, mashamba ya matajiri yalipogawiwa maskini, na kila Ijumaa aliwasimulia habari hizo watu elfu sitini kwenye simu zao. Majira yote ya baridi Baochang alimbandikia viraka nyuma ya kurasa zilizooza, moja baada ya nyingine, huku wakila tambi zilizoogelea kwenye siki.

"Yaani husomi hata unachobandika?"

"Nikisoma, nani atabandika, mpenzi?"

"Mvivu mkubwa wewe."

"Mvivu wako."

Kila jioni Baochang alimpigia simu bibi yake aliyemlea kijijini, mwenye miaka themanini na minane. "Bibi anauliza mchumba wangu anakula nini."

"Mwambie anakula moyo wako, kwa siki."

Walipanga Suyun aende kutambulishwa siku ya kufagia makaburi, mwezi wa nne.

Wiki mbili kabla, Suyun alirusha mtandaoni picha ya ukurasa mmoja. Ulikuwa ushahidi wa siri wa msichana wa miaka kumi na sita, aliyewaeleza wanamapinduzi jirani yake alikoficha nafaka. Jirani huyo alipigwa na umati hadi akafa. Suyun alifunika kwa rangi nyeusi jina la msichana, la marehemu na la kijiji. Alijisifu kwa uangalifu wake. Aliacha kitu kimoja tu, kwa kuwa kilikuwa kizuri: alama nyekundu ya dole gumba, imekatwa mshazari na kovu la mundu.

Simu ililia saa sita mchana.

"Suyun, ile picha. Ifute."

"Kwa nini? Nimeficha majina yote, mpenzi."

"Kila mwaka mpya bibi yangu huchovya gumba kwenye rangi nyekundu, akapiga muhuri kila mkate anaoupika kwa mvuke. Huwagawia majirani. Kijiji kizima kinaijua alama hiyo. Bibi Hao wa mlango wa pili ameila mikate hiyo miaka sabini. Yule aliyeuawa ni baba yake."

Suyun aliifuta papo hapo. Ilikuwa imeshaenda simu hadi simu.

Walikutana siku ya kumi, kwenye duka lao la tambi. Baochang hakuvua koti.

"Bibi Hao alikuja na mkate mmoja wa bibi uliobaki tangu mwaka mpya. Akauweka kizingitini, akaondoka. Tangu hapo bibi ameficha mkono ndani ya koti. Namlisha mimi."

"Nitakuja kumwomba radhi."

"Kwa lipi? Ulisema uongo?"

"Hapana." Machozi yalimtoka. "Lakini mtu aliuawa, Baochang. Binti yake alikuwa na haki ya kujua."

"Ndiyo. Sasa anajua. Wamekaa wale wazee wawili, kila mmoja nyuma ya mlango wake, wakingoja kufa."

"Na sisi?"

"Bibi bado anauliza mchumba wangu atakuja lini. Hajui ni wewe uliyeirusha ile picha. Akijua, atakuwa amenipoteza na mimi." Akasukuma bahasha mezani. "Kurasa zako za mwisho. Na ule mmoja."

"Uchome basi!"

"Siwezi. Kila nikishika kiberiti, namwona baba yake Bibi Hao." Akasimama. "Siku ile sokoni, Suyun, laiti ningelivuta lile bunda, nisiliachie."

Akatoka. Tambi zake zilipoa bila kuguswa.

Suyun aliutoa ule ukurasa, akaugeuza. Nyuma ya gumba jekundu palikuwa na kiraka cha Baochang. Alipitisha kidole juu yake mara tatu, asihisi kinapoanzia wala kinapoishia.