Mate ya Kigiriki

Uvumi ulimfikia Dulmaa kwenye kioski cha maji, akiwa foleni na mkokoteni wake wa madumu. Aliyeuleta ni jirani yake Tsermaa, ambaye alisema huku ameziba pua kwa skafu, kana kwamba maneno yenyewe yananuka.

"Umesikia, mwenzangu? Watoto wa darasa la sita wanawatemea watoto wachanga mate. Usoni! Eti ndiyo Kigiriki."

"Acha uzushi, Tsermaa."

"Uzushi? Kamuulize mke wa fundi viatu. Mwanawe amemkuta amelowa kama mwanambuzi aliyelambwa na mama yake. Puu!"

Foleni nzima ilicheka, na Dulmaa naye akacheka. Lakini uvumi ule ulimganda kama kupe. Alijaza madumu, ukawa naye. Aliusukuma mkokoteni mlimani, miguu ikiteleza kwenye barafu, ukawa naye. Maana nyumbani, katika hema lao la Kimongolia, alikuwa na mtoto wa miezi saba, na binti wa darasa la sita.

Mtoto aliitwa Nergui, yaani Hana-Jina. Kabla yake Dulmaa alizika mtoto mwingine, aliyekuwa na jina zuri na mashavu yaliyosifiwa na kila mgeni. Huyu hakutaka husuda imjue. Kila aliyeingia hemani alimtazama Nergui na kusema, "Lo, kitoto kibaya hiki! Kinanuka!" Naye Dulmaa alijibu kwa furaha, "Kibaya kweli, mwenzangu." Ndiyo adabu. Na mtoto akitolewa nje, alipakwa masizi kidogo kwenye paji la uso, jicho baya lipite mbali.

Binti ndiye Khulan, mwenye mdomo mwepesi na akili kali kama wembe. Mwalimu alikuwa amewapa kazi: kila mwanafunzi alinganishe Kimongolia na lugha moja ya mbali, na Khulan alichagua Kigiriki. Wiki nzima hemani hapakuwa na habari nyingine.

"Mama, herufi zetu nyingi asili yake ni kwao. Tumevaa nguo za Wagiriki!"

"Basi ni ndugu zetu?"

"Ndugu wapi! Lugha zenyewe ni kama ngamia na kuku. Sisi kitendo tunakiweka mwisho wa sentensi, kama mkia wa farasi. Wao wanakiweka popote. Na vitu vyao vina jinsia. Mlango ni mwanamke!"

"Makubwa haya. Na yote hayo umeyapata wapi? Mwalimu alisema umwone Bi Stamatia."

"Nimemwona, mama," alijibu Khulan, macho ndani ya bakuli la chai.

Bi Stamatia alikuwa Mgiriki aliyeolewa na daktari wa mifugo, akikaa ng'ambo ya bonde, juu ya kilima. Alikuwa amekaa na Wamongolia miaka mingi hata akawa anagombana sokoni kwa Kimongolia bila kutafuta neno.

Basi, siku ile ya uvumi, Dulmaa alipofika getini alisikia vicheko hemani. Hakushusha hata dumu moja. Alisukuma mlango.

Watoto watatu walikuwa wamekizunguka kitanda cha Nergui. Tsolmon, rafiki wa Khulan, makamasi yalimning'inia hadi mdomoni.

"Mzuri huyu, kama mwezi!" alisema Tsolmon.

"Umemsifu! Tema haraka!" Khulan alimhimiza. "Mara tatu, siyo mbili."

Tsolmon alikohoa, akayakusanya mate mdomoni, akatema. Mate yalimpata Nergui kwenye paji la uso, yakachuruzika juu ya masizi aliyopakwa alipotolewa nje asubuhi, yakawa tope jeusi linaloteremka shavuni. Na Nergui, asiyejua lolote, akatoa ulimi, akalilamba.

Dulmaa alimnyakua mtoto.

"Mashetani nyie! Tokeni! Tokeni nje!"

"Mama, tunamkinga! Wagiriki ndivyo wanavyo..."

"Nitakukinga wewe na mwiko!"

Alimwosha mtoto kwa maji ya moto na sabuni, akamwosha tena. Alichemsha nguo. Mto aliutupa nje kwenye theluji. Bado, kila alipomtazama Nergui, aliona lile tope linatambaa.

Baada ya siku mbili Nergui alianza kukohoa. Siku ya tatu alikataa ziwa, mbavu zikawa zinabonyea kila akivuta pumzi. Zahanati walimtazama tu wakawapeleka hospitali ya watoto. Daktari aliuliza, "Amekuwa karibu na mtu mwenye mafua? Kwa mkubwa mafua ni makamasi tu. Kwa kitoto kama hiki huteremka kifuani."

Dulmaa aliitikia kwa kichwa tu, kwa aibu. Angeanzaje? Kwamba ametemewa, na amelamba?

Kwenye benchi la nje, Khulan alilia hadi skafu ikalowa. "Mama, sikwenda kwa Bi Stamatia. Niliogopa baridi na kile kilima. Nilisoma kwenye simu kwamba Wagiriki wakimsifu mtoto humtemea mara tatu. Nikaliambia darasa nimeambiwa na yeye mwenyewe. Mama, Nergui atakufa?"

Dulmaa hakumpiga. Hakumkumbatia pia. "Sijui," alisema. Na kweli hakujua. Mtoto yule aliyemzika naye alianza kwa kikohozi.

Nergui alipumua kwa mpira wa oksijeni puani siku kadhaa, kisha asubuhi moja akashika titi la mama yake, akanyonya kwa pupa hadi akamng'ata. Dulmaa alilia kwa maumivu na kwa furaha. Jioni ile alimwambia binti yake, "Sasa utapanda kile kilima."

Bi Stamatia aliwasikiliza bila kuwakatiza. Walipofika penye mate na masizi, alijishika koo.

"Mate ya kweli? Kinyaa gani hiki! Na mmesema mimi ndiye niliyewafundisha?"

"Ndiyo, shangazi," Khulan alijibu kwa sauti ya chini. "Nilidanganya. Nisamehe."

"Hebu nitazame." Bi Stamatia alikutanisha midomo, akapuliza kidogo mara tatu, kama mtu anayeondoa unywele mdomoni. Hakikutoka hata tone. "Hivyo tu. Ni sauti. Sasa niambie, wewe ukiingia kwa jirani ukasema 'kitoto kibaya hiki, kinanuka,' huwa unambeba ukamtumbukiza jalalani?"

Khulan alitikisa kichwa.

"Kwa nini?"

"Ni maneno tu, shangazi. Yanatosha."

"Basi umeona? Lugha zetu si ndugu, hilo ni kweli. Lakini mama Mgiriki na mama Mmongolia wana hofu ileile, na kila mmoja ana neno lake la kuifukuza. Hapo ndipo ulipo ulinganishi wako, mwanangu, na ungeupata siku ya kwanza kama ungekuja kuniuliza. Anayebeba desturi ya watu nusunusu hubeba uchafu. Na anayesema 'nimeambiwa' wakati hajaambiwa, huyo ametema mate kabla ya Tsolmon."

Kesho yake Khulan alisimama mbele ya darasa akasema yote, hata habari ya kile kilima. Kisha akapita nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi akina mama, akianzia kwa mke wa fundi viatu. Tsermaa alimtazama akipita. Kisha akaishusha skafu yake puani.

Basi nawe unayesoma, epuka haya:

Usimtemee mtu mate, kwa lugha yoyote.

Ukiwa na mafua, usisogelee kitanda cha mtoto mchanga, hata kama ni mdogo wako na unampenda.

Usimfute mtoto uso kwa kidole ulichokilamba. Na nyinyi akina bibi, mnasikia?

Usiseme umemuuliza mtu ambaye hukumuuliza.

Usiige desturi ya watu kwa kusoma mstari mmoja.

Na ukifika kwa Dulmaa, usimsifu Nergui. Sema ni mbaya, nawa mikono, kunywa chai, nenda zako.