Picha Mbili za Kiti Kimoja

Mshonaji aliondoa mguu kwenye cherehani akasikiliza. Baba yake alikuwa anacheka chumbani, cheko la chini kwa chini, la mtu anayesimuliwa jambo. Nyumbani hamkuwa na mtu mwingine.

Alimkuta mzee ameegemea mito, darubini yake ya picha ikiwa usoni. Kilikuwa kifaa cha mbao cha enzi zake za upigaji picha: lenzi mbili za kuchungulia, na mbele kishikizo cha kadi yenye picha mbili za kitu kimoja, moja kwa kila jicho. Ukitazama kwa macho yote mawili, picha huungana, na vitu hujitokeza kana kwamba unaweza kuvishika.

"Baba, unacheka na nani?"

"Na mama yako," alijibu bila kuishusha.

Mama alikuwa na miaka mitatu kaburini. Kadi ile mzee aliipiga wiki moja baada ya mazishi: kiti cha marehemu, kitupu. Mshonaji akarudi kwenye cherehani yake. Mtu aliyelala kitandani mwaka mzima, ukimnyang'anya hata kicheko, unamwachia nini?

Lakini kuanzia wiki ile aliingiwa na uchovu ambao hakuwahi kuujua. Kuchoka alikuzoea: kumgeuza mzee, kumwogesha, kufua, kisha magauni ya watu. Huu ulikuwa mwingine. Alisinzia sindano ikiwa kwenye kitambaa. Mikono ilikuwa mizito kama nguo zilizoloa. Mzee naye akazidi kunawiri, mashavu yakajaa, na chumba chake kikaanza kunuka udongo mbichi hata kikipigwa deki mara mbili.

Adhuhuri moja, mzee akiwa usingizini, aliichukua darubini akachungulia. Alifumba jicho la kulia: kiti kitupu. Akafumba la kushoto: kiti kitupu. Akafumbua yote mawili, na kitini alikuwepo mama yake, mikono mapajani, macho hayapepesi, na yule mama akainuka taratibu, akakipapasa kiti kwa kiganja kama anayemkaribisha mgeni, na sauti ikaja, si kutoka kwenye ule mdomo uliofungwa bali ndani ya kichwa cha mshonaji mwenyewe, sauti tamu, isiyo na haraka, ikimwambia, "Umechoka, mwanangu, kaa kidogo," naye, Mungu amsamehe, alitamani kukaa kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote, magoti yakaanza kukunjika yenyewe, na kilichomzuia ni jambo dogo tu: mama yake hakuwahi kumwita mwanangu. Alimwita Bibie, siku zote Bibie.

Mshonaji alimwita shangazi yake, dada mkubwa wa mzee, aliyekuwa mganga wa majini. Shangazi alinusa hewa mlangoni, akakunja uso.

"Jini huyu hakai kwenye picha ya kushoto wala ya kulia," alinong'ona. "Anakaa pale zinapoungana. Kadi ikatwe, na akate aliyeipiga."

"Dada, usinifanyie hivyo," mzee alisema. "Nitabaki na nini?"

"Mtazame binti yako."

Mzee alimtazama, na huenda ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Aliona macho yaliyozama, na mkono uliokuwa ukitetemeka kwa kushika mkasi tu.

"Kila nikimwona mama yako napata nguvu," alisema polepole. "Sikuuliza anazitoa wapi."

Shangazi alifukiza ubani akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Mzee akauingiza mkasi katikati ya kadi, na hapo harufu ya udongo ikapanda mpaka ikawabana pumzi, na sauti ya marehemu ikalia kutoka kila pembe, ikimsihi kwa majina ya faraghani ambayo mume na mke peke yao waliyajua, na ambayo mzee alikuwa akiyanong'ona kwenye darubini, na mzee analia, na mkasi unasuasua kama unaokata ngozi, na shangazi haachi kusoma, mpaka vipande viwili vikaanguka shukani na chumba kikanyamaza.

Mzee, mashavu yamekwisha bonyea tena, alikiinua kipande kimoja. Kiti tu. Alilia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi.

Baadaye akauliza, "Kule makaburini kuna kivuli?"

"Kipo kidogo, Baba."

"Kesho nipeleke."

"Utaweza kutembea?"

"Sijui. Na wewe?"

Mshonaji alifikiri. "Polepole," alisema.