Kemshafti ya Kwenye Gunia

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa injini, na yeye si mtu wa kuogopa kivuli chake. Alikuwa anafufua gari la kizamani. Nundu za kemshafti, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, zilikuwa zimelika, valvu hazifunguki sawasawa. Shemeji yake, mume wa dada yake, anauza spea. Mchana mmoja akamwingiza stoo isiyo na dirisha wala taa.

"Mpya ile pale, shemeji. Lakini hii ya kwenye gunia ndiyo chuma. Imelala hapa miaka kumi."

Fundi mzoefu huchagua kwa ukucha, si kwa macho. Akafungua gunia gizani, akapitisha ukucha nundu kwa nundu. Zote laini kama yai. Pale mwishoni ukucha ukakwama: mikato mitatu ya tupa.

Mikato ile aliikata yeye mwenyewe, iwe alama yake, kwenye kemshafti ya gari la kaka yake. Kaka aliaga asubuhi moja, miaka kumi iliyopita, akapotea yeye na gari lake. Na shemeji huyuhuyu ndiye aliyezunguka naye kumtafuta, akimfuta machozi.

"Vipi, umeipenda?" shemeji aliuliza mlangoni, akichezesha funguo.

Fundi aliitoa kemshafti kwenye gunia. Kikulacho ki nguoni mwako, hilo alishalielewa. Kilichomtetemesha ni chuma chenyewe. Kilikuwa kimegeuka cha moto mkononi mwake, kama kimechomolewa sasa hivi kwenye injini iliyotoka safari ndefu, na oili ikaanza kudondoka sakafuni, to, to, to.