Kabla ya Herufi ya Mwisho

Muturi, jirani yangu wa Komarock, alinisimulia haya mara moja tu, na hakutaka niulize.

Alitunza mtambo wa kuwaelekeza marubani kutua kwenye ukungu. Mtambo ukiwa mzima, rubani husikia masikioni milio ya herufi tatu, akafuata mishale ya vipimo vyake mpaka chini bila kuona ardhi. Asipoisikia, hashuki.

Mwenzake, Mulama, aliuawa na umeme kwenye kibanda cha mtambo huo. Alikuwa ameomba glavu za kuzuia umeme mara tatu. Wakubwa wakaandika "uzembe", na Muturi, kwa kuogopa kufutwa kazi, akatia sahihi ripoti yao. Mjane akarudi Busia mikono mitupu. Mulama alikuwa na kifua kibovu. Kila alipoujaribu mtambo kwa kugonga herufi hizo kwa mkono, alikohoa kabla ya ile ya mwisho.

Alfajiri moja ya Julai 1994, ukungu ukiwa mzito, Muturi alitumwa kuuzima mtambo ukarabatiwe. Akauzima, akang'oa nyaya, akabaki gizani. Simu ya upepo ikakoroma. Alikuwa Nyawira, wa mnara wa kuongozea ndege.

"Muturi, umezima?"

"Nimezima. Nyaya ninazo mkononi."

"Wacha mchezo, bwana! Kuna ndege inashuka. Rubani anasema anausikia vizuri."

Muturi akawasha kipokezi chake kidogo cha kusikilizia milio ya mtambo. Juu ya paa, ngurumo ya ndege ilikuwa ikikaribia. Herufi ya kwanza ikalia. Ikalia ya pili.

Kisha mtu akakohoa.