Nani Anaharibu Mizani?

Kila alasiri, baada ya shule, Chiriku alipitia geti la nyuma la chuo kikuu na kupanda ngazi hadi maabara. Mama yake alikuwa fundi wa vifaa huko. Chiriku alinawa mikono, akaketi kwenye stuli karibu na sinki na kufanya kazi za shule akimsubiri mama. Wanafunzi wa chuo ndio waliompa jina hilo la ndege, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Lakini siku hizo hata Chiriku alinyamaza. Watu wa maabara walisalimiana shingo upande. Ugomvi ulikuwa wa mizani ya umeme, ile iliyokaa ndani ya kisanduku cha kioo ili upepo usiiguse. Ilikuwa moja tu, na watafiti wote waliitumia kwa zamu. Sasa haikuaminika tena. Unga uliopimwa asubuhi ulionekana mzito zaidi jioni, ingawa ulikuwa umefungwa vizuri kwenye chupa.

"Kuna mtu anaichezea," alisema Dada wa Mbegu, mtafiti aliyepima mbegu kutwa nzima. "Mimi naiacha sawa, nikirudi naikuta imevurugika."

"Mbona unaniangalia mimi?" aliuliza Miwani, kijana mrefu aliyesoma kemia.

"Kwani nimekutaja?"

Profesa, mkuu wa maabara, alimgeukia mama. "Mama Chiriku, vifaa viko mikononi mwako. Ijumaa nitaikagua mwenyewe. Nikiikuta hivi, nitatafuta fundi mwingine, na wewe utahamia stoo."

"Sawa, Profesa," mama alijibu taratibu.

Stoo ilikuwa kazi ya kuhesabu ndoo na fagio. Mama aliipenda kazi ya vifaa kiasi cha kuzungumza na darubini akizisafisha. Jioni ile hakula. Chiriku alimtazama, akaapa moyoni kumnasa mharibifu.

Kesho yake, Alhamisi, Chiriku alijifanya anaandika huku jicho moja likiwa kwenye mizani. Miwani aliingia, akatazama kushoto na kulia, kisha akainama mbele ya mizani. Mgongo wake ulifunika kila kitu. Alipoinuka, alikunja kitambaa haraka na kukitia mfukoni.

Chiriku alitoka mbio, akawakuta mama na Profesa kwenye korido.

"Nimemwona Miwani akiharibu mizani."

"Umemwona kwa macho yako?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama. Amevunja kitu ndani yake, akakificha."

Profesa aliingia maabara kwa hatua ndefu. Dada wa Mbegu aliacha kazi yake, akakunja mikono.

"Kijana, toa ulichonacho mfukoni," alisema Profesa.

Miwani alifungua kitambaa. Ndani mlikuwa na kipande kidogo cha chuma kinachong'aa.

"Hilo ni jiwe la mizani," mama alisema kwa mshangao. "Jiwe la kuirekebishia mizani ili isome sawa. Mbona letu lipo kabatini?"

"Hili nimelinunua mwenyewe," Miwani alisema. "Kila nikija naikuta mizani imevurugwa, basi naanza kwa kuirekebisha. Nililificha kwa sababu siwaamini watu wa humu. Lakini sijavunja kitu."

Chiriku aliangalia viatu vyake. Dada wa Mbegu naye alikohoa, akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake jeupe.

"Hata mimi ninalo," alisema. Jiwe lake lilitoka pamoja na ganda la peremende.

Profesa alijikuna kidevu. "Langu liko kwenye droo ya ofisi," alisema polepole. "Huwa narekebisha mizani nyote mkishaondoka."

Miwani alitazama mawe yale, macho yakamng'aa. "Tuyapime yote," alisema.

Profesa alilileta lake kutoka ofisini. Mama alilitoa jiwe la maabara kwenye kisanduku chake kwa kibano, akairekebisha mizani, kisha wakayapima mengine. Hakuna lililolingana na jingine. La Miwani lilikuwa limejaa jasho la vidole. La Dada wa Mbegu lilikuwa limeanguka na kumeguka pembeni. La Profesa lilikuwa na kutu.

"Kumbe tunaoharibu ni sisi wote," alisema Miwani. "Kila mmoja akitengeneza anavuruga."

"Na mimi nilimshuku kila mtu, nisimuulize hata mmoja," mama aliongeza.

Walikubaliana kutumia jiwe moja, lishikwe kwa kibano, na mizani irekebishwe asubuhi mbele ya yeyote atakayewahi kufika. Ijumaa, unga ulipimwa asubuhi na jioni. Uzito ulikuwa uleule. Profesa hakuitaja stoo tena.

Kabla ya kwenda nyumbani, mama alimvuta Chiriku kando.

"Mwanangu, jana uliona nini hasa?"

"Niliona mgongo wake. Na kitambaa."

"Na kile kitu alichovunja?"

"Hicho sikukiona, mama. Nilitia chumvi. Niliogopa utahamishwa."

"Najua ulifanya hivyo kwa kunipenda. Lakini kijana wa watu angefukuzwa chuo kwa neno lako, na mizani ingebaki mbovu vilevile. Ukishuku mtu, muulize. Ukiulizwa, sema ulichokiona na ukomee hapo, hata kama unayemtetea ni mama yako." Mama alimgusa bega. "Haya, Miwani yuko pale anaosha chupa. Nenda kamwombe radhi. Mimi nakusubiri."